Kilwa, Lindi na Dawa Iliyo Mbali

Ukipanda basi la kusini asubuhi pale Dar es Salaam, utashika Barabara ya Kilwa, upite Mbagala, Mkuranga na Kibiti. Mto Rufiji utauvuka juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Ukiisha pita Somanga utafika njia panda ya Nangurukuru. Anayekwenda Lindi huendelea mbele. Anayekwenda Kilwa hushika mkono wa kushoto, kuelekea baharini.

Kilwa ni tatu: Kivinje, Masoko na Kisiwani. Huko Kisiwani yako magofu ya msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Msafiri Ibn Battuta aliuona mji ule mwaka 1331, akausifu. Kivinje ndiko ilikokoma njia ya misafara kutoka Nyasa katika karne ya 19. Watu waliofungwa minyororo walipakiwa majahazini hapo. Biashara ile imekwisha, lakini bahari ni ile ile, na vyombo vya mbali vingali vinakuja.

Vyaleta nini? Januari 2012 polisi walikamata kilo 210 hivi za heroini mkoani Lindi. Aprili 2021, katika bahari ya Kilwa Masoko, zilikamatwa zaidi ya kilo 800 za dawa za kulevya. Heroini hiyo hutengenezwa Afghanistani, hupakiwa majahazini pwani ya Pakistani na Irani, ikaja kushushwa kwetu. Nyingi hupita kwenda nchi nyingine. Kidogo hubaki, na hicho kidogo chatosha kubomoa nyumba nyingi. Vijana huiita unga.

Pengine wewe uliye kijijini wasema, “Hayo ni mambo ya pwani na ya mjini.” Lakini vijana wetu huenda huko kutafuta kazi, na wako wanaorudi wamekonda, hawasemi na mtu, na vitu vya nyumbani vyaanza kupotea. Hapo jamaa hugombana. Mmoja ataka afukuzwe, mwingine ataka afungiwe chumbani mpaka aache.

Basi sikiliza, maana jambo hili huua. Unga ukiisha mwilini, mtu hushikwa na arosto: tumbo humkata, huharisha, mifupa humuuma, usingizi hakuna. Anapotafuta kete nyingine, hatafuti tena raha; ataka maumivu yaishe. Ukimfungia, baada ya siku kadhaa arosto itapungua, lakini tamaa haitoki. Na mwili umekwisha kusahau kipimo cha zamani. Siku atakapotoka na kutumia kiasi kile kile alichozoea, pumzi yaweza kukatika, akafa. Ndiyo sababu kumfungia si dawa.

Dawa ipo, jina lake methadoni. Ni dawa ya maji, hunywewa mara moja kila siku mbele ya mhudumu. Huondoa arosto na kutuliza tamaa kwa muda wa siku nzima, na mtu hubaki na akili zake, aweza kufanya kazi. Daktari huanza na kipimo kidogo, akakipandisha polepole. Si dawa ya juma moja. Wengi huitumia miaka. Kituo cha kwanza cha serikali kilianza Muhimbili Februari 2011, kikafuatwa na Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine. Huko hupimwa pia kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Dawa hutolewa bure.

Ugumu uko wapi? Ni safari. Toka Kilwa Masoko mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 300, na dawa yatakiwa kila siku. Nani awezaye kwenda na kurudi? Mgonjwa hana budi kulala karibu na kituo. Dawa ni bure, lakini kitanda na chakula sharti vitoke kwa ndugu.

Hapa ndipo aibu inapotuponza. Watu wa kusini wengi wanao jamaa Mbagala na Temeke, kwenye barabara ile ile, wala hospitali ya Temeke si mbali nao. Lakini ukificha ugonjwa wa mwanao, mjomba wake atajuaje kwamba anahitajiwa? Umweleze kweli yote, asije akampokea mgonjwa akidhani ni mgeni wa kutembea.

Kabla ya kufunga safari, uliza Hospitali ya Sokoine pale Lindi, au hospitali ya misheni ya Nyangao, kituo kilicho karibu ni kipi, maana vituo vinaongezeka. Waweza pia kupiga simu bure namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kisha mpeleke wewe mwenyewe. Kijana mwenye arosto akipewa nauli mkononi, nadra kufika.