Waya Ungojao

Mgeni aingiaye katika maktaba ya shule yetu huona ukutani swichi ndogo yenye nyaya mbili zitokazo chumba cha kompyuta. Taa ya waya wa kwanza ni ya kijani, nayo humetameta mchana kutwa. Taa ya wa pili ni ya rangi ya chungwa, imetulia tu. Muhula huu ulizuka ubishi mkubwa kati yetu wa Kidato cha Nne. Wengine walitaka waya huo wa pili uhamishiwe darasani kwetu, kwani mtihani umekaribia nao “umelala bure.” Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa, na sababu zangu ni hizi.

Swichi hupokea ujumbe wa kompyuta moja na kuufikisha kwa nyingine. Ujumbe ulio wa wote huutoa katika kila mlango, ila ule ulioingilia. Basi njia mbili zikiwa wazi pamoja, ujumbe huo huenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, kisha huanza safari upya, wala hauna hesabu ya kuukomesha. Kila ujumbe mpya wa namna hiyo huongeza msongamano, na punde si punde mtandao mzima husimama.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na mama wa Kimarekani, Radia Perlman, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation. Kwa itifaki yake, swichi huchagua moja iwe mkubwa wao, nayo hutoa salamu kila sekunde 2. Kila swichi hushika njia nafuu ya kumfikia mkubwa huyo, na njia iliyozidi hufungwa. Hivyo mtandao huwa kama mti: una matawi, lakini hakuna tawi lililorudi likafunga duara.

Achaguliwaye ni mwenye namba ndogo. Kwa kawaida swichi zote hutoka kiwandani na 32768. Zikilingana, anwani ya chombo ndiyo huamua, na ukubwa waweza kuiangukia swichi kuukuu kuliko zote. Kwa hiyo mwalimu alituonyesha jinsi ya kuipa swichi ya chumba cha kompyuta namba 4096.

Kisha, ili kuukata ule ubishi, aliuchomoa waya wa kwanza. Maktaba ikanyamaza. Tukahesabu kwa sauti. Tulipofika sekunde 30 hivi, taa ya chungwa ikageuka kijani, na waliokuwa wakisoma wakaendelea. Itifaki iliyofuata, ya mwaka 2001, yaweza kufanya hivyo kwa sekunde chache au hata chini ya moja. Nayo ndiyo tuitumiayo sasa. Hakuna aliyeuomba waya ule tena.

Hata hivyo, mti nao una kipimo chake. Mwezi Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, mjini Boston, Marekani, ulivurugika kwa siku kadhaa kwa kuwa ulikuwa umetanuka kupita uwezo wa itifaki hii. Waganga na wauguzi wakarudia karatasi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nami naongeza ya kuwa akiba yataka utaratibu: mmoja afanye kazi, mwenziwe angoje, na kila mmoja ajue zamu yake. Angojaye hivyo, tusimwite mvivu.