Kujiunga Rahisi, Kujitoa Kazi

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza njia nzima nikienda kazini. Chumba umeshakipata hapo Kilwa Masoko, vyuma unavyo, mabenchi fundi anachomelea, na sasa unataka nikueleze jimu za Ulaya zinavyomhudumia mteja ili na wewe uige. Kueleza nitaeleza. Kuiga, uchague.

Hapa Leicester, Uingereza, jimu za bei nafuu mara nyingi hazina mtu mlangoni. Unajiandikisha kwa simu ukiwa kitandani, unaweka namba ya kadi ya benki, unatumiwa tarakimu za siri, basi. Hata saa nane za usiku unabonyeza, mlango unafunguka. Ndani taa zinawaka, mashine zimejipanga, kila mtu ameziba masikio kwa muziki wake. Unaweza kutoka jasho mwaka mzima asitokee wa kukuuliza umeamkaje. Kwa sisi ambao hata kiberiti hatununui kabla ya kujuliana hali, kuzoea kunataka muda. Lakini sisemi ni vibaya. Muuguzi aliyetoka zamu usiku wa manane anapata pa kunyoosha viungo, na ada ni ndogo kwa kuwa mishahara ya kulipa ni michache.

Kasheshe huanza siku unapotaka kuondoka. Jimu yangu ya kwanza, jina lake tuliache, ilinisajili kabla chai haijapoa. Nilipohama mtaa nikataka kujitoa, programu ile ile iliyonipokea kwa bashasha haikuwa na pa kubonyeza ili utoke. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa notisi inahesabiwa kuanzia mwezi unaofuata, na huku benki wanaendelea kukata. Kila aliyepokea simu alikuwa mpole kupindukia, ananiita kwa jina, ananishukuru kwa subira, na hakuna kinachosogea. Mkataba ule ni dema: samaki kaingia mwenyewe, hakusukumwa na mtu.

Wala si kilio changu peke yangu. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya Ashbourne, kampuni iliyokuwa ikiziandalia jimu mikataba na kuzikusanyia ada, mingine ikimfunga mwanachama hadi miaka 3. Jaji aliona kwamba mikataba ya namna ile inatumia ugeni wa mteja wa kawaida, ambaye siku ya kujiunga anajiona atakuja kila asubuhi, kumbe wengi huacha baada ya miezi michache. Na mwaka 2024 Bunge lao lilipitisha sheria inayotaka huduma zinazolipiwa kila mwezi ziwe rahisi kujitoa.

Nikikumbuka jimu yangu ile, nacheka peke yangu, maana mkasa huu ulishatokea hapo ng'ambo yako, Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule mwenye Husuni Kubwa na bwawa lake la pembe nane, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini, naye akampa. Sultani alipofariki akatawala nduguye, Daud. Mwenye shida akija, Daud humwambia mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Wageni walikaa miezi wakingoja, hatimaye wakaacha kuja mlangoni. Basi jimu yangu ilimweka al-Hasan kwenye usajili na Daud kwenye kujitoa.

Sasa wewe. Mtumishi wa halmashauri ana mshahara mwisho wa mwezi, ada ya mwezi anaimudu. Lakini mvuvi wa dagaa wa Kivinje fedha yake inafuata giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa zake hazina kazi na mfuko umelala. Mwenye ufuta anangoja minada ya katikati ya mwaka, mwenye korosho anangoja Oktoba ifike. Hao ukiwadai kila tarehe mosi utawakimbiza. Watoze kwa siku, au wauzie kadi ya mara kumi isiyoisha muda. Na usidhani hiyo ni bei ya wanyonge. Wachumi wawili, DellaVigna na Malmendier, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa klabu 3 za Marekani: waliolipa kwa mwezi walitoa zaidi ya dola 70, wakaenda kama mara 4 tu, yaani zaidi ya dola 17 kwa kila safari, na pale pale kuna kadi ya mara kumi ambayo ingewagharimu dola 10 kwa safari. Wenye klabu walinufaika na wasiokuja. Wewe katika mji mdogo huwezi kula kwa asiyekuja. Utakutana naye sokoni.

Kitu cha kuiga nilikiona kwenye kituo cha michezo cha halmashauri, ninakokwenda siku hizi. Wana saa za wanawake peke yao bwawani: mapazia yanashushwa, mwokoaji ni mwanamke, hakuna mwanamume anayekatiza. Akina mama waliokuwa hawatii mguu majini, leo wanagombea nafasi. Tena daktari wa huku anaweza kumwandikia mwenye presha au kisukari barua ya kwenda mazoezini, akapokelewa na mwalimu anayempima kwanza na kumwanzisha taratibu. Wewe weka saa za akina mama, mwalimu wao awe mwanamke, na dirisha la barabarani liwe na pazia zito. Shangazi na wenzake wanaotembea alfajiri ndio wateja wako wa kwanza, hata kama vijana wenye misuli ndio watakaojaza picha za simu.

Mashine ya kukimbilia uliyoniomba sitakutumia. Umeme ukicheza itakufa, na pwani ya kukimbilia ipo bure. Chumvi ya upepo nayo itakula vyuma vyako, kwa hiyo vipake rangi kila vinapochubuka; hakuna anayelipa kushika kutu. Mizani na kamba za kuruka nitampa mtu anayekuja Dar. Atakuwekea kwenye basi la Kilwa pale Mbagala.