Inchi Nne za Amani

Hakuna kitu kinachopima mapenzi ya vijana wa mjini kama kununua gari la kwanza. Kwetu ubishi ulikula miezi mitatu. Mume wangu alitaka gari kubwa, eti tukienda kwao Usevya tufike kwa heshima. Mimi nilitaka dogo, ili pesa ya kiwanja isiguswe. Ikafika mahali tunawasiliana kwa meseji, na tuko nyumba moja!

Aliyetutuliza ni baba mkwe, fundi mstaafu aliyejifunzia kazi gereji moja ya Mpanda miaka ya 60. Hakutuhubiria. Alitusimulia Morris Minor, kigari cha Kiingereza ambacho mikono yake inakijua mpaka leo.

Kilibuniwa na Alec Issigonis, ambaye baadaye alibuni Mini ya 1959. Alitaka gari ambalo familia ya kipato cha kawaida ingelimudu bila kujiona imepewa kitu duni. Bodi ilijibeba yenyewe, bila chasisi ya pembeni. Injini ilikuwa ya cc 918 tu. Magurudumu ya inchi 14 yalisogezwa kwenye pembe kabisa ili abiria wapate nafasi. Usukani mwepesi, na kwenye kona gari linatulia.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Mwaka 1947, kazi ikiwa ukingoni, Issigonis aliliona gari ni jembamba mno. Akaagiza likatwe katikati, kuanzia mbele hadi nyuma, nusu mbili zisogezwe mpaka jicho liridhike. Zilitosha inchi 4. Tatizo, bampa zilikuwa zimeshatengenezwa. Basi nazo zikakatwa na kuungwa kwa kipande cha chuma. Boneti nayo ikaongezewa ukanda katikati.

Gari lilizinduliwa London mwaka 1948. Mwenye kampuni, Lord Nuffield, hakulipenda. Alilifananisha na yai lililochemshwa bila ganda. Lakini mwaka 1961 likawa gari la kwanza la Uingereza kuuzwa zaidi ya milioni 1, na hadi uzalishaji wake ulipokoma miaka ya 70 mwanzoni yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 1.6.

“Mkamwana,” baba mkwe akaniambia, “kiraka cha bampa kila mteja alikiona. Na walinunua.”

Usiku ule tulikaa na kalamu. Mume wangu akaachia ukubwa, mimi nikaachia bei niliyokuwa nimeing’ang’ania, maana udongo wa bonde la Rukwa wakati wa mvua hauna utani. Tukanunua gari dogo la mtumba lililoinuka kidogo, kwa pesa taslimu. Kiwanja kipo.

Na wewe na mwenzako, mnabishania nini leo? Kabla hamjatupa mpango mzima, kaeni mpime. Huenda mnapungukiwa inchi 4 tu.