Ile video ya hisa niliifuta, na sababu ni hii

Wengi mmeniuliza ile video ya "hisa iliyopanda mara 20 usiku mmoja" ilienda wapi. Niliifuta mwenyewe. Hakuna aliyeiripoti, hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nimekosea tu, na kosa langu lilikula pesa ya mtu ninayekula naye Krismasi.

Ilikuwa hivi. Kwenye simu yangu nina apu ya kununua hisa za Marekani. Jioni moja kuna hisa ya kampuni ndogo ilikuwa senti 30 za dola. Naamka asubuhi, dola 6. Grafu imesimama wima kama mlingoti. Nikatoka mbio hadi barabara ya mpakani hapa Busia, malori yakipita nyuma yangu, nikajirekodi nikisema kampuni imelipuka na atakayelala shauri yake. Watu wakatazama kweli. Mmoja wao ni binamu yangu wa Malaba, mtu wa boda. Alikuwa amejiwekea 15,000 za bima ya pikipiki. Akazitoa zote, akapata hisa kama 19.

Sasa, ile kampuni haikuwa imelipuka popote. Ilikuwa imeunganisha hisa zake: kila hisa 20 za zamani zikawa moja mpya. Aliyelala na hisa 400 za senti 30 alikuwa na dola 120. Aliamka na hisa 20 za dola 6, yaani dola 120 zile zile. Kama alikuwa na 407, zile 7 zisizotosha kuunda hisa moja mara nyingi hulipwa kwa pesa taslimu, basi. Apu yangu haikuwa imerekebisha grafu, na mimi sikusoma tangazo. Niliona mstari umepanda nikawasha kamera.

Na mtu wa Busia kushindwa kuelewa hii kitu ni aibu, wacha niseme ukweli. Sisi huiona kila siku. Toka upande wetu na elfu moja, vuka, mpe jamaa wa kubadilisha pesa. Anakuhesabia kama 27,000 au 28,000 za Uganda. Umetajirika? Ingia Sofia uagize rolex na soda uone hizo maelfu zinavyoyeyuka. Ukirudi na noti zako unapewa elfu yako, ukitoa kale kadogo anakokata. Sijawahi kuona mtu akilia hapo getini ati ameibiwa 27,000. Kugawanya hisa ni kuvuka kwenda. Kuunganisha ni kurudi. Idadi ya noti inabadilika, mkate ni ule ule.

Hapa Kenya tumezoea zaidi ile ya kugawanya. KCB waligawanya hisa moja kuwa 10 mwaka wa 2007. Equity wakafanya vivyo hivyo 2009, hisa kama milioni 370 zikawa kama bilioni 3.7. Nvidia ya Marekani nayo iligawanya moja kuwa 10 mwezi wa sita 2024, na hisa iliyokuwa kama dola 1,200 ikawa karibu 120. Mgao wa faida nao hugawanywa: kama ulikuwa unalipwa shilingi 5 kwa hisa, sasa ni senti 50, lakini unazo mara 10.

Basi kuna faida gani? Kwetu ilikuwepo, na haikuwa ndogo. Kwa miaka mingi soko la Nairobi lilikuwa linauza hisa kwa mafungu ya 100. Hisa ikiwa bei ya 140, ili uingie unahitaji 14,000. Igawanye kwa 10, unaingia na 1,400. Hiyo ni tofauti kati ya mwalimu na mama mboga. Mwenye hisa wa zamani hakupewa kitu, lakini alipata wanunuzi wengi wa kumuuzia, na wakati mwingine hiyo peke yake huisukuma bei kidogo. Tangu mwezi wa nane 2025 unaweza kununua hata hisa moja NSE, kwa hivyo hiyo sababu imepungua makali.

Nilipomweleza Kukhu haya yote (yeye ndiye alinikuta nimekaa nje nimenuna), nilidhani atachoka. Akaniuliza, "Ni kama zile pesa za 1987?" Sikuwa nimezaliwa. Mama yangu mwenyewe alikuwa mtoto.

Mwezi wa tano 1987 serikali ya Uganda ilikata sifuri mbili kwenye pesa yake. Shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya. Kukhu alikuwa anauza mihogo mikavu ng'ambo, na noti za Uganda alizifungia kwa sanduku. Kukata sifuri hakungemuumiza, kwa sababu hata bei ya mihogo ilikatwa sifuri. Shida ni kwamba wakati wa kubadilisha, serikali ilichukua ushuru wa asilimia 30. Elfu kumi za zamani zilifaa kuwa 100 mpya. Ulipewa 70. "Watu walisema sifuri ndizo zilitumaliza," Kukhu akaniambia. "Mimi nilijua ni ile thelathini."

Hapo ndipo kichwa changu kilifunguka.

Chukua Kenya Airways. Mwaka wa 1996 wananchi waliuziwa hisa kwa 11.25. Mwaka wa 2017 kampuni ikiwa imezama kwenye madeni, hisa za zamani ziliunganishwa zikawa chache. Ukiangalia hiyo peke yake, hakuna aliyepoteza. Lakini wakati ule ule madeni yaligeuzwa kuwa hisa mpya, nyingi sana. Serikali ikafika asilimia 48.9, mabenki yaliyokuwa yanadai yakachukua 38.1. Kabla ya hapo, ukitoa serikali na KLM, wenye hisa wengine walikuwa na zaidi ya asilimia 40 ya kampuni. Baadaye wakabaki na 2.8. Sisemi kulikuwa na njia rahisi, ndege zingeweza kusimama kabisa. Ila mzee aliyefungua akaunti akaona hisa zimepungua alilaumu kuunganishwa, kumbe kipande chake cha keki kililiwa na hisa mpya zilizofuata.

Ile kampuni niliyoipigia debe ilikuwa vivyo hivyo. Soko la Nasdaq likiona bei yako imekaa chini ya dola moja siku 30 za kazi mfululizo, linakuandikia barua, na usiporekebisha linaweza kukuondoa. Kwa hivyo kampuni dhaifu inaunganisha hisa ili bei ipande kwenye karatasi. Biashara haijabadilika hata kidogo. Wiki chache baadaye walitoa hisa mpya wakauza kupata pesa ya kuendesha kampuni, na bei ikateremka hadi chini ya dola 2. Za binamu yangu 15,000 hazifiki 5,000 sasa. Si kila anayeunganisha hufa, Citigroup waliunganisha 10 kwa moja 2011 na bado wako. Lakini mimi sikuwa nimeangalia chochote. Hata jina la bidhaa wanayouza nililijua baadaye.

Nilienda Malaba kumwambia mwenyewe. Alikuwa kwenye steji, akasikiliza bila kushuka kwenye pikipiki. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama hizo hisa 19 bado zipo. Nikasema zipo, zote 19. Akacheka vibaya.

Tulikubaliana namrudishia 500 kila Ijumaa. Mpaka leo nimelipa 6,000. Bima alikopa kwa chama cha steji, na riba ya hapo tumekubaliana ni yangu pia.