Kaburi la Mpagazi

Chini ya mlima Hanang, katika mji wa Katesh, yuko mzee mmoja wa Kibarbaig ambaye babu yake alitwaliwa mwaka 1917 awe mpagazi wa jeshi la Waingereza, wala hakurudi. Jambo hilo lilimchoma mzee moyo tangu utoto. Maana Wabarbaig humjengea mzee aliyeheshimiwa kaburi refu la udongo, waliitalo bung'eda, na sherehe yake huendelea miezi mingi. Babu yake hakupata hata fungu dogo.

Basi mzee akauza ng'ombe, akashika safari pamoja na mjukuu wake kwenda Dar es Salaam. Wakafika penye makaburi ya vita, kando ya barabara ya Bagamoyo. Mjukuu akasoma majina, jiwe baada ya jiwe, hata jua likapinda. Jina walilolitafuta halikuwamo.

Siku ya pili wakaenda kuitazama sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Mzee akasomewa maandishi yake ya Kiswahili. Yanawataja askari na wapagazi pia, tena yanaahidi kwamba mtu akifa vitani wanawe watalikumbuka jina lake. Mzee akaizunguka sanamu mara mbili.

"Na majina yenyewe yako wapi?" akauliza.

Hapana hata moja.

Kazi ya wapagazi haikuwa ndogo. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, hivyo chakula na risasi vikachukuliwa vichwani mwa watu. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria na njaa, wakazikwa kando ya njia. Kariakoo, mahali pa soko kubwa, ni jina la jeshi lao. Baada ya vita wakubwa wakakata shauri kwamba makaburi yao yaachwe yawe pori. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilikiri kosa, ikaomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na labda 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Walipokuwa njiani kurudi mjukuu akauliza, "Babu, mtu aweza kujengewa bung'eda pasipo mwili?"

Mzee akanyamaza mpaka mlima Hanang ulipoonekana. Kisha akasema, "Hilo tukawaulize wazee."