Dodoki

Daktari alipotaja fangasi, mama aliinamisha macho akavitazama vidole vya miguu yake. Kwake fangasi ni ugonjwa wa watoto wa bweni, wa kuvaa viatu vibichi na kuazimana kandambili. "Mimi naoga mara mbili kwa siku," alimwambia, kama mtu aliyeshtakiwa barazani.

Goti lake la chuma na plastiki lilikuwa na miezi minane. Lilivimba polepole, bila homa, na ni mimi niliyekuwa nikisema, "Ni baridi tu, mama." Alimeza dawa za bakteria wiki baada ya wiki, uvimbe usitikisike. Hatimaye wakavuta maji ya goti kwa sindano, wakayaotesha maabara, ikaota kandida.

Kandida, alieleza daktari, huishi kinywani na tumboni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Ikikifikia chuma hujijengea utando, na dawa haziupenyi vizuri. Kwa hiyo goti litolewe lote, mahali pake pakae kipande cha saruji ya mifupa kilichochanganywa na dawa, mama anywe flukonazoli kwa miezi. Kisha goti jipya, endapo fangasi itakuwa imekwisha.

Hiyo "endapo" nilirudi nayo nyumbani.

Usiku ule nilimkuta bafuni, ameketi kwenye kigoda, analisugua goti kwa dodoki. Ngozi ya kovu ilikuwa imeiva. Nilimnyang'anya.

"Mama, haiko nje."

"Na huko ndani iliingiaje?"

Daktari alikuwa ametaja kisukari chake, akataja na dawa nyingi za bakteria. Sikumrudishia hayo. Nilimpaka mafuta, tukalala.

Sasa ni mwezi wa tatu wa saruji. Mguu haukunjiki, anaswali kwenye kiti, anatembea kwa magongo, na jikoni anatuamuru kwa sauti. Wiki ya pili ya vidonge alitetemeka akalowa jasho: kumbe flukonazoli huipa nguvu glibenklamaidi, sukari ikashuka mno. Wakampunguzia. Tangu hapo nampima kila alfajiri, naye hunyoosha kidole kabla sijasema.

Jumamosi aliniomba dodoki lake. Nilisita, kisha nikampa, nikasimama mlangoni.

"Usinichunge, mwanangu."

Alisugua visigino tu.