Chuma na Ngozi

Neno "zito" katika Kiswahili halina makazi mamoja. Mzigo huwa mzito, uji huwa mzito, usingizi huwa mzito. Msiba nao huitwa mzito, na mwanamke anayetarajia mtoto huitwa mja mzito. Aghalabu uzito huo haupimwi kwa ratili wala kwa kilo, bali kwa namna kitu kinavyomwelemea mtu na kumlazimisha abadilike. Basi si ajabu kwamba muziki wa magitaa ya umeme uliozaliwa Uingereza, ule unaojulikana kwa jina la hevi metali, nao umejitwalia jina la uzito. La ajabu ni kwamba wengi wa wapenzi wake hudhani mizani ya uzito huo ni moja tu, nayo ni ukubwa wa sauti.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Maili Moja, Kibaha, alikuwa miongoni mwao. Tangu mkewe alipofariki, alizoea kufunga karakana magharibi, kuvaa hedifoni na kuwasikiliza Black Sabbath, Metallica na Slayer hadi usiku wa manane. Majirani walinong'ona kwamba zile ni nyimbo za mashetani. Binti yake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuchumbiwa, hakuwa na neno juu ya mashetani. Yeye alisema tu kwamba baba akiitwa haitiki.

Rafiki yake wa tangu ujana, mkulima wa korosho huko Kisarawe na mtu aliyekusanya kanda na santuri maisha yake yote, alijitwika kazi ya kumpendekezea muziki mwingine. Jaribio la kwanza lilikuwa la nasaha: alimpelekea flashi iliyojaa taarabu tulivu na kaswida, kwa nia ya kumtuliza. Baada ya wiki moja flashi ilirudi pamoja na maneno machache: "Ndugu yangu, umeniletea dawa, nami sikusema naumwa."

Katika jibu hilo mna funzo kwa kila apendaye kuwashauri wenzake juu ya nyimbo, mashairi au vitabu. Anayependekeza kwa nia ya kumtoa mwenziwe katika kile akipendacho hapendekezi, bali anakanya. Na kukanywa huifunga masikio hata nafsi iliyo tayari kusikia.

Historia yenyewe ya hevi metali inatoa mfano wa mapendekezo ya namna nyingine. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa kijana wa miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume, mkono ambao yeye, akiwa mtu wa shoto, hubonyezea nyuzi. Alikata tamaa ya kupiga tena. Msimamizi wake kiwandani akampelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyeunguzwa na moto na kubaki akipiga kwa vidole viwili. Iommi akajiundia vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Kwa kulegezwa huko sauti ikashuka, ikawa nene. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka 1970. Hivyo muziki unaosifiwa kwa ugumu wake umesimama juu ya jeraha, na juu ya santuri ya jazi iliyotolewa na mtu asiyetaka kumbadilisha mwenziwe, ila kumwonyesha kwamba njia ingalipo.

Mkulima wa Kisarawe alibadili swali. Badala ya kumwambia fundi asikilize nini, alimwuliza husikia nini. Fundi alifikiri kitambo, akasema: "Nasikia kitu kizito kuliko huzuni yangu. Kikianza, huzuni hukaa kimya."

Hapo ndipo orodha ya pili ilipopata kichwa na miguu. Haikuwa orodha ya kupoza, ilikuwa ya kuongeza uzito. Kwa mtu anayependa kasi, na albamu ya Slayer ya 1986 iitwayo Reign in Blood haifiki hata nusu saa kwa jinsi inavyokimbia, iliwekwa singeli ya vitongoji vya Dar es Salaam, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika na mara nyingine hukaribia 300. Kwa mtu anayependa ukelele wa koo, liliwekwa kundi la Duma la Nairobi: Martin Kanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ya 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, inayagonganisha magitaa na mashine hata msikilizaji asijue kipi kimekwaruza na kipi kimelia. Waliwekwa Sepultura wa Brazili, ambao kwa albamu yao ya Roots ya 1996 walikwenda kurekodi pamoja na Waxavante, wenyeji wa Mato Grosso, wakathibitisha kwamba chuma hakidhalilishwi kwa kukaa jirani na ngoma ya ngozi. Waliwekwa pia Apocalyptica wa Finland, ambao mwaka huo huo wa 1996 walizipiga nyimbo za Metallica kwa selo nne, bila gitaa hata moja.

Kutajwa kwa Finland kulimchekesha fundi. Yeye na mkulima walikutana katika Shule ya Sekondari Kibaha, na shule hiyo ni tunda la mradi wa nchi za Nordic ulioanza 1963 na kukabidhiwa serikali ya Tanzania 1970, ndio uliokuwa Shirika la Elimu Kibaha. Norway, Sweden na Finland, zilizoleta walimu na wauguzi Kibaha, ndizo zilizokuja kuwa ngome za hevi metali duniani. Safari haikuwa ya upande mmoja: mtafiti wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alichapisha mwaka 1970 kitabu juu ya ibada na ishara za Wazaramo, na humo mti wa mkole na kutolewa kwa mwali vilipewa heshima ya kusomwa kama elimu.

Mwisho wa orodha walikuwa wawili wa karibu. Wa kwanza ni Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi Bagamoyo hadi alipofariki 2003, ambaye marimba yake yalivuma kwa mkwaruzo ule ule ambao wapiga gitaa wa Ulaya huununua madukani. Wa pili ni Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, fundi wa unyago na wa msondo, mwenye sauti iliyotoka chini ya ardhi. Fundi alisikiliza yote. Baadhi aliyakataa, singeli ikiwa ya kwanza. Bi Kidude alimrudia mara tatu.

Lakini mtihani haukuwa katika flashi. Jamaa za marehemu mkewe, Wazaramo wa Kisarawe, walitaka binti achezwe ngoma kabla ya ndoa kama alivyochezwa mama yake. Fundi alitoa fedha bila kinyongo, ila akasema yeye haendi. Kelele zile haziwezi.

"Kelele?" mkulima akamwuliza. "Hata wewe, ndugu yangu, unalitumia neno hilo?"

Fundi hakujibu, lakini siku ya ngoma alifika. Mambo ya ndani ni ya wanawake, na wanaume walikaa nje chini ya mwembe. Walioshika ngoma walizizungusha kwenye moto wa makuti, ngozi ikakaza, na ile kubwa ilipoanza kujibu, sauti yake haikupitia masikioni peke yake. Ilipanda kutoka ardhini kwa nyayo, ikakaa kifuani. Hapakuwa na hedifoni ya kuivua wala kitufe cha kuipunguza. Wakwe zake waliimba majina ya waliotangulia, na jina la mkewe likawamo. Binti alipotolewa nje amefunikwa kanga, baba aliitwa. Aliitika.

Hii ndiyo tofauti ambayo kelele peke yake haiwezi kuieleza. Muziki wa hedifoni ulikuwa umemfunika fundi asione huzuni yake. Ngoma ilimtwika huzuni hiyo hadharani, pamoja na watu wengine walioishika upande wa pili. Uzito uligawanywa. Yapo mazito yasiyopungua kwa kunyamazishwa, hupungua kwa kubebwa na wengi.

Haifai kudhani kwamba aliacha magitaa yake. Slayer wangali wakisikika Maili Moja, ila hedifoni sasa huvuliwa binti anapopiga simu, na mara nyingine karakana hufungwa Ijumaa ili fundi apande gari kwenda Kisarawe. Mkulima naye hakusalimika. Ameomba aachiwe Master of Reality ya 1971, huisikiliza jioni chini ya mikorosho, na akiulizwa hudai kwamba anaisikiliza kwa sababu ya utafiti.